Nimetumia programu na setingi za kuzuia "polisi" wa kwenye simu: zipi zinafaa, zipi ni mapambo

Nianze na kipimo changu ili tusije kugombana huko mbele. Mimi siangalii programu ina nyota ngapi wala imefungia namba ngapi, naangalia kitu kimoja tu, je inanisaidia kukata simu mapema? Maana tapeli anayejifanya polisi hana pingu, hana gari, hana chochote zaidi ya sauti yake, kwa hiyo kazi yake yote ni kuhakikisha hukati.

Wengi mnaujua wimbo wao. "Unaongea na afande fulani, kitengo cha upelelezi, kuna laini imesajiliwa kwa jina lako na imetumika kutakatisha fedha, hati ya kukukamata imeshatoka, usikate simu nakuunganisha na mkuu wangu." Nyuma unasikia redio inakwaruza, mtu anaita kituo, kibodi zinagongwa, yaani ofisi kabisa. Halafu anakuja huyo "mkuu", na huyu ndo mbaya kuliko wa kwanza kwa sababu yeye hafoki, anakuonea huruma, anasema naona wewe ni mtu mwema umechafuliwa jina tu, sasa ili tukusafishe hamishia hela zako kwenye akaunti salama ya serikali zikaguliwe kesho zinarudi. Na usimwambie mtu, hata uliyenaye nyumba moja, huu ni upelelezi wa siri ukivujisha ni kosa jingine. Hapo mtu ameshatolewa kwa watu wake wote na bado yuko kwenye laini.

Sasa tuje kwenye vitu vyenyewe.

Kundi la kwanza ni programu za kutambua namba. Maarufu zaidi ni Truecaller ya kule Sweden, ipo tangu 2009, lakini ziko nyingi na ufanyaji kazi wao haupishani sana: watumiaji wanaripoti namba, ripoti zikiwa nyingi namba inawekwa alama nyekundu, simu ikiingia unaonywa. Kwa simu za mashine zinazopigwa kwa maelfu na kwa tapeli mvivu anayetumia laini moja mwezi mzima, zinasaidia kweli na sitaki kuzinyima sifa yao. Shida ni huyu wa kujifanya polisi, huyu anabadilisha laini kila mara, na namba ambayo haijaripotiwa na mtu yeyote inaingia safi kama ya shangazi yako.

Kuna na jambo baya zaidi ambalo watu hawalielewi mpaka waelekezwe taratibu. Namba inayotokea kwenye skrini yako inaweza kughushiwa. Tapeli anapiga kutoka huko aliko kupitia intaneti, anajaza namba yoyote anayotaka ionekane, na anachagua ya kituo cha polisi cha kweli. Halafu anakwambia mwenyewe, kwa kujiamini kabisa, "huniamini? fungua intaneti tafuta namba ya kituo, haya isome, sasa angalia namba ninayokupigia." Unaangalia, tarakimu zote sawasawa. Na ile programu uliyoiweka ikulinde, badala ya kukuonya, inaandika jina la kituo pale juu, imemvalisha mwizi gwanda. Hapo ndo nasema wazi kwamba kwa aina hii ya utapeli programu ya kutambua namba isiyoambatana na kitu kingine inaweza hata kukuumiza, maana imekupa sababu ya kuamini. Inatambua namba, haimtambui mtu.

Mitandao ya simu inapambana na hili kwa upande wake. Marekani kwa mfano makampuni makubwa ya simu yalilazimishwa kuwa na mfumo unaoitwa STIR/SHAKEN kufikia tarehe 30 Juni 2021, ambapo simu inasafiri na sahihi ya kidijitali inayoonyesha kama mpigaji ana haki ya kutumia hiyo namba. Ni hatua nzuri ila mfumo unathibitisha namba, hauthibitishi nia, tapeli mwenye namba aliyoisajili vizuri anapita tu. Na unafanya kazi kwenye mitandao ya intaneti, simu ikipita kwenye mitambo ya zamani ile sahihi inapotea njiani.

Alama kwa programu za kutambua namba: 2 kati ya 5. Na usisahau nyingi zinaomba kusoma orodha yako yote ya namba kabla hazijaanza kazi, ujiulize hao ndugu zako waliomo humo wameulizwa saa ngapi.

Kundi la pili ni setingi ambayo tayari unayo na hujawahi kuigusa, ya kunyamazisha namba usizozijua. iPhone wanayo tangu iOS 13 ya mwaka 2019, ukiiwasha namba ambayo haimo kwenye orodha yako na hujawahi kuipigia haiiti kabisa, inaenda kwenye ujumbe wa sauti na inabaki kwenye orodha ya simu ulizokosa. Hii naipenda sana. Tapeli wa aina hii anataka akukute hapo hapo ukiwa unapika au unaendesha, akili iko kwingine, ukimpigia baadae umetulia biashara yake inakuwa ngumu. Kitu kidogo kilichonifurahisha, ukipiga simu ya dharura iPhone inaizima hiyo setingi yenyewe kwa saa 24 ili wanaokuja kukuokoa wakikupigia wakupate, yaani kuna mtu alikaa akafikiria.

Kwenye Android kuweni makini, simu nyingi zina kitufe kimeandikwa kuzuia "wasiojulikana" watu wanawasha wanalala usingizi, kumbe kinazuia wale wanaoficha namba tu, mgeni mwenye namba inayoonekana anaita kama kawaida. Jaribu mwenyewe kwa kupigiwa na namba ambayo hujaihifadhi, usiamini maandishi.

WhatsApp nayo ina ya kwake ya kunyamazisha wapigaji usiowajua, ilitoka Juni 2023, ipo kwenye faragha sehemu ya simu. Iwashe leo. Nasema hivi kwa sababu ya kinachoendelea India, matapeli wanapiga simu ya vidio, mtu amevaa sare kamili, nyuma yake bendera na nembo, ofisi ya polisi ya kuigiza, wanakwambia umewekwa chini ya ulinzi "kidijitali", usizime kamera, usitoke chumbani, ukienda chooni uage. Watu wanakaa hivyo siku nzima, wengine zaidi. Mwaka 2024 mwenyekiti wa kampuni kubwa ya nguo huko, mzee wa miaka zaidi ya 80, alipelekwa mpaka kwenye "kikao cha Mahakama ya Juu" cha kuigiza kwa njia ya vidio, akatoa rupia milioni 70. Mtu mwenye wanasheria wake jamani. Mpaka waziri mkuu Narendra Modi Oktoba mwaka huo akalizungumzia kwenye kipindi chake cha redio, kwamba hakuna kitu kama hicho kwenye sheria, na hakuna chombo cha serikali kinachofanya upelelezi kwa simu ya vidio. Kwa hiyo mtu asikwambie wanaolizwa ni wajinga, wanaolizwa ni walioogopa.

Setingi za kunyamazisha: 4 kati ya 5. Nimeondoa moja kwa sababu simu za maana nazo zinanyamazishwa, nitafika huko.

Kundi la tatu ni msaidizi anayepokea kwa niaba yako. Google waliliweka kwenye simu za Pixel mwaka 2018, Apple wakaja na lao kwenye iOS 26 mwaka 2025. Mgeni akipiga sauti ya mashine inamuuliza wewe nani na unapigia nini, majibu yake yanatokea kwenye skrini kwa maandishi, wewe unaamua upokee au uache. Haipo kila nchi wala kila lugha kwa hiyo angalia yako kwanza. Lakini kama ipo, loo. Simu za mashine nyingi zinakata zenyewe. Na binadamu akikaza anasema "ni polisi, jambo la haraka, pokea sasa hivi kabla hatujaja kukukamata", wewe unayasoma hayo maneno kwenye skrini bila ile sauti nzito na bila redio inayokwaruza, na yakiwa maandishi yanachekesha. Anayekuja kukukamata kweli tangu lini anapiga simu kuomba nafasi? Hii naipa 4 na nusu.

Kundi la nne si programu kabisa na ndilo bora kuliko yote, ni namba fupi unayopiga wewe. Uingereza kuna 159, ilianza 2021, ukipigiwa simu ya wasiwasi kuhusu hela unakata, unapiga 159, unataja benki yako unaunganishwa. Na 159 yenyewe haimpigii mtu hata siku moja, kwa hiyo ukiona imekupigia huna haja ya kujiuliza. Singapore wana 1799, iko wazi saa 24, unawauliza tu jamani hii simu niliyopigiwa ni kweli au ni utapeli. India ni 1930 kwa aliyeshalizwa, na hapo kuwahi ndo kila kitu maana hela zikishagawanywa kwenye akaunti za watu wengine ni kuzitafuta baharini. 5 kati ya 5, kwa sababu kuzitumia lazima kwanza ukate simu. Kama kwenu hakuna, namba iliyoko nyuma ya kadi yako ya benki inafanya kazi ile ile, na kituo cha polisi kina mlango, unaingia unauliza.

Ila ukipiga kuhakikisha tumia simu nyingine ukiweza, hasa kama ulipigiwa kwenye simu ya mezani. Kuna mchezo wa zamani, anakwambia kata upige polisi mwenyewe, wewe unakata yeye hakati, laini inabaki wazi, unabonyeza namba unasikia mlio (anaucheza yeye) halafu "polisi" anapokea. Ni yule yule.

Na tusidanganyane kwamba polisi wa kweli hapigi simu, anapiga. Tofauti inaonekana ukimwambia "sawa afande, nipe jina na kituo, nakata nakupigia kupitia namba ya kituo." Wa kweli atakwambia hewala. Feki atapandisha, atahesabu dakika, atasema ukikata umekimbia upelelezi. Hapo hata kabla hajakwambia ulipe kwa kadi za zawadi au bitcoin umeshampata, na akikwambia uweke programu ya kumwonyesha skrini yako mfano AnyDesk usiendelee hata na salamu. AnyDesk ni programu halali ya mafundi, ila polisi hana kazi nayo kwenye simu yako.

Kwenye simu ya mama nimewasha kunyamazisha wageni pamoja na ile ya WhatsApp, programu ya kutambua namba nimeitoa. Mkifanya hivyo hifadhini kwanza namba za daktari, shule ya watoto, fundi na anayeleta mizigo, maana hao ndo watakaopiga wakakuta kimya, na watalalamika kweli kweli.