Vakyumu ya kusimama: ipi ununue, na kasoro uzione kabla hujatoka dukani

Siku ya tatu tangu niilete nyumbani, vakyumu yangu mpya, mashine ya kufyonza vumbi, ilianza kunuka mpira unaoungua. Nikaizima, nikachomoa plagi, nikailaza chali juu ya gazeti. Brashi ilikuwa imekaza, haizunguki hata ukiisukuma kwa kidole. Kifuniko cha upande wa kulia kilikuwa hakijaingia vizuri kwenye tundu lake, nadhani tangu kiwandani, kwa hiyo brashi imekaa kiupandeupande na mkanda wa mpira unaoizungusha umesagika mpaka unang'aa. Nilirudi dukani Kariakoo na boksi langu. Kijana wa kaunta akanionyesha maandishi madogo chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi.

Tangu hapo nikimshauri mtu kuhusu mashine hizi siulizi kwanza inafyonza kiasi gani. Nauliza: kasoro zake zinaonekana dukani au zinajificha? Na zikitokea, fundi wa mtaani anaziweza?

Kwanza hakikisha unaihitaji. Kama nyumba ni vigae mwanzo mwisho, acha ya kusimama. Brashi yake kazi yake ni kupiga zulia ili vumbi lipande juu. Kwenye vigae inarusha punje za mchele mpaka chini ya kochi. Chukua ya pipa, kama zile za kwenye kuosha magari. Na yale mazulia ya manyoya marefu yaliyojaa mjini siku hizi, brashi huyasokota na kuyameza, labda iwe na swichi ya kuizima. Ya kusimama ni ya mwenye kapeti la ukuta kwa ukuta au mazulia ya manyoya mafupi.

Ninayoiweka ya kwanza ni ya waya, yenye tangi la plastiki, brashi ikiendeshwa kwa mkanda. Najua mkanda ndio ulionitesa mimi. Lakini ni kipande cha mpira: skrubu chache, bisibisi moja, fundi wa feni na brenda anaufunga ukiwa umesimama hapo hapo. Tangi unaliona ndani, filta yake ya sponji inaoshwa kwa maji. Kasoro yake ya kawaida ni mpira wa kuziba mdomo wa tangi kukaa vibaya, hewa ikavujia hapo. Ukiosha filta, iache ikauke siku nzima. Wengi huirudisha mbichi, kisha wanalalamika mashine inanuka uvundo na haina nguvu.

Ya pili ni ya mfuko. Kama kuna mwenye pumu nyumbani, kwangu hii inapanda kuwa ya kwanza, maana unatupa mfuko mzima bila kufumua wingu la vumbi usoni. Shida ni mifuko yenyewe. Iulizie siku hiyo hiyo, uishike mkononi, ununue na ya akiba. Duka likikwambia "itakuja mwezi ujao, dada," pita.

Ya tatu ni ya betri, ile nyembamba kama fimbo. Nyepesi kweli, ngazi unapanda nayo. Ila betri iliyochoka hailalamiki dukani. Inawaka, inavuma, unalipa, na baada ya wiki kadhaa ndipo unaona haimalizi hata chumba kimoja. Nunua tu ile ambayo betri inachomoka na inauzwa peke yake.

Ya mwisho kabisa ni ile anayokuletea ndugu kutoka Marekani. Ya huko imetengenezewa volti 120, umeme wetu ni 230. Ukiichomeka moja kwa moja unaiunguza. Transfoma ya kuihimili wati zake ni nzito na ina gharama, na waranti imebaki ng'ambo. Ya Uingereza ni afadhali, volti zinaendana na plagi ni ile ile ya pini tatu.

Usibabaishwe na "2000W" iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Wati ni umeme inaokula, si vumbi inaloinua. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha wati 1,600 mwaka 2014 na kukishusha hadi 900 mwaka 2017, na makapeti ya huko bado yanasafishwa.

Sasa dukani. Mwambie muuzaji, "Kaka, naomba uifungue uichomeke." Kabla haijawashwa igeuze: zungusha brashi kwa mkono, itazame ncha zote mbili, isiwe inacheza kushoto na kulia. Vuta waya wote mpaka mwisho. Ikishawaka, ziba mdomo wa bomba kwa kiganja. Mota nzima hubadilisha sauti papo hapo, inapanda na kulia kwa juu. Sauti ikibaki ile ile, hewa inaingilia mahali pengine. Pitisha mkono kwenye maungio ya bomba na ukingo wa tangi utasikia. Mimi hubeba majani ya chai kwenye karatasi, nikayamwaga kidogo kwenye zulia la mle mle dukani nione kama inayafyonza. Iache iwake dakika tano, kisha shika plagi. Vuguvugu si neno, moto ni hatari.

Ukaguzi huu ufanye kwa kina kwa sababu ya sheria pia. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, inamtaka mfanyabiashara auze kitu chenye ubora unaofaa. Lakini ukishaikagua bidhaa, kasoro ambayo ukaguzi wako ulipaswa kuiona huwezi kuidai tena kwa kifungu hicho. Ya kwangu ilikuwa ndani, chini ya kifuniko, na hilo ndilo nililoshikilia. Nilikuwa na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye tarehe, boksi, na kadi ya waranti iliyogongwa muhuri. Kitu muhimu zaidi, sikumpa fundi yeyote aiguse kabla. Ikishafunguliwa wanakwambia umeiharibu mwenyewe. Kama wangekataa kabisa, ningepeleka malalamiko Tume ya Ushindani, FCC, na nililisema hilo kwa utulivu, bila kupandisha sauti.

Mwenye duka akatoka ofisini, akaishika brashi, akajaribu kuizungusha. Akaagiza niletewe nyingine. Tukaichomeka pale kaunta, nikaziba bomba kwa kiganja. Sauti haikubadilika. Nikaomba ya tatu.