Sanduku la sayansi ya jikoni kwa shule ya msingi: linapofundisha na linapopwaya

Sanduku ninalolitathmini hapa limetengenezwa kwa ajili ya wanafunzi wa darasa la kwanza hadi la sita, na ahadi iliyoandikwa kwenye kifuniko chake ni kwamba mtoto atajifunza sayansi kwa mikono yake mwenyewe kwa kutumia vyakula vya kawaida. Ndani yake kuna kadi za shughuli, kijitabu cha mwalimu, vipimajoto, vikombe vyenye alama za ujazo, vijiko vya kupimia, mirija ya kudondoshea, miwani ya kukinga macho, maputo, na pakiti za hamira na jelatini. Mayai, maziwa, matunda na mboga mnunuzi huvitafuta mwenyewe. Nimelitumia katika klabu ya sayansi ya wanafunzi baada ya masomo, na nimelipima kwa swali moja: je, mtoto anapewa nafasi ya kubadilisha kitu kimoja tu, kubashiri kitakachotokea, kisha kuhakikisha kwa macho au kwa ulimi wake kama alibashiri sawasawa? Shughuli ya chakula isiyotoa nafasi hiyo ni mapishi au ni mazingaombwe. Yote mawili yana raha yake, lakini si haki kuyauza kwa jina la sayansi.

Kwa kipimo hicho, kadi ya hamira inazishinda nyingine zote. Kila kundi la wanafunzi hupewa chupa tatu zenye kiasi kilekile cha hamira, sukari na maji, ila joto la maji ndilo linalotofautiana: ya kwanza ni ya baridi kutoka jokofuni, ya pili yana nyuzijoto 40 hivi za Selsiasi, na ya tatu, ambayo humiminwa na mwalimu peke yake, yana nyuzijoto 70. Kila chupa huvishwa puto mdomoni, na kabla ya kitu chochote kutokea, kila mwanafunzi huandika ni puto lipi litakalojaa. Wengi huchagua maji ya moto zaidi, kwa kuwa wameshaona sukari na chumvi zikiyeyuka upesi ndani yake, na ubashiri huo una mantiki kabisa. Baada ya muda puto la chupa ya pili huanza kuinuka kwa kujazwa kabonidaioksaidi, ilhali yale mengine mawili yamelala. Waandaaji wa kadi hii hawakuishia hapo, na hili ndilo lililonifanya niwaheshimu: wanawaagiza wanafunzi wazisogeze chupa ya baridi na ile ya moto kwenye beseni la maji ya uvuguvugu na kusubiri. Puto la chupa iliyokuwa na baridi hatimaye huinuka, lakini lile la chupa iliyokuwa na moto haliinuki kamwe. Mtoto anajionea kwamba hali mbili zilizofanana kwa nje zilikuwa na sababu tofauti, kwani hamira moja ilipunguza kasi kwa ubaridi na nyingine ilikufa kwa joto. Kijitabu kinamkumbusha mwalimu kwamba kuanzia mwaka 1857 Louis Pasteur alichapisha maandiko yaliyoonyesha kwamba uchachukaji ni kazi ya viumbe hai, na mwanafunzi aliyekwisha kuona chupa iliyofufuka na ile isiyofufuka anaielewa hoja hiyo bila kulazimishwa kuikariri.

Kasoro yake ni muda. Kadi inadai kwamba kila kitu kitakamilika katika kipindi kimoja cha darasani, jambo ambalo haliwezekani, hasa sehemu ya pili inayohitaji subira. Mwalimu ajipangie vipindi viwili vinavyofuatana, au aanze jaribio hili asubuhi na kulirudia baada ya mapumziko.

Kadi ya nanasi na jelatini inakaribia ubora huo. Jelatini iliyochanganywa na nanasi bichi haigandi, lakini ikichanganywa na nanasi lililopikwa inaganda vizuri. Sababu ni kwamba nanasi bichi lina vimeng'enya viitwavyo bromelaini, ambavyo hukatakata protini za jelatini, na joto la kupika huviharibu vimeng'enya hivyo. Hapa tena kinachobadilishwa ni kitu kimoja, yaani kupika au kutopika, na jibu linaonekana kwa kuinamisha kikombe. Hata hivyo, kijitabu kina kosa ambalo ni lazima nilitaje. Kwa kujali kwamba jelatini hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, na kwamba zipo familia zisizoitumia kwa sababu za kidini au kwa kutokula nyama, kinapendekeza agari itokanayo na mwani itumike badala yake, na kinaahidi kuwa matokeo yatakuwa yaleyale. Nia ni njema, lakini ahadi si ya kweli. Agari si protini bali ni kabohaidreti, kwa hiyo bromelaini haiwezi kuikata, na vikombe vyote viwili vitaganda. Mwalimu asiyejua hilo atadhani jaribio limeharibika. Anayejua anaweza kuviweka vikombe vya jelatini na vya agari sambamba, kisha akawauliza wanafunzi kwa nini nanasi lilelile linashinda hapa na kushindwa pale. Ni masikitiko kwamba waandaaji walilipita swali hilo zuri bila kuliona.

Kuhusu kabichi ya zambarau sina malalamiko makubwa. Maji yake yana rangi za asili ziitwazo anthosianini, ambazo hugeuka nyekundu au waridi katika asidi kama siki na ndimu, hubaki zambarau katika hali ya kati, na huelekea buluu na kijani katika magadi ya kuokea au maji ya sabuni. Jambo zuri zaidi limewekwa mwishoni mwa kadi, ambapo mwanafunzi huchukua kikombe kilichogeuka waridi, akakidondoshea maji ya magadi tone baada ya tone huku akiyahesabu, mpaka rangi ya zambarau irudi. Mtoto wa miaka minane anaweza kufanya hivyo kwa umakini mkubwa, na wale waliotumia siki nyingi hugundua wenyewe kwamba wanahitaji matone mengi zaidi. Maji ya kabichi yaandaliwe siku hiyohiyo au yahifadhiwe jokofuni, kwa maana yakikaa nje huharibika na kutoa harufu mbaya.

Tofauti na hizo, kadi ya volkano ya siki na magadi imenisikitisha. Povu linafurika, wanafunzi wanapiga kelele za furaha, halafu basi. Hakuna kipimo, hakuna ubashiri, wala hakuna swali linalofuata, ingawa ingetosha kuwaambia wanafunzi waongeze magadi kijiko kimoja kimoja kwenye kiasi kilekile cha siki ili waone ni wapi povu linakoma kuongezeka, na kwa nini. Kadi ya kutikisa krimu hadi ipatikane siagi nayo imeishia kwenye mapishi, japo watoto wadogo huifurahia sana na mikono yao hupata mazoezi.

Kadi ya ladha ndiyo iliyonipa shaka zaidi, kwa kuwa imechapisha mchoro wa ulimi uliogawanywa katika maeneo: utamu mbeleni, uchungu nyuma, chumvi na ukali pembeni. Mchoro huo ulitokana na kutafsiriwa vibaya kwa utafiti wa Mjerumani D. P. Hänig wa mwaka 1901, ambaye alipata tofauti ndogo tu za wepesi wa kuhisi ladha, si mipaka. Ladha zote kuu huhisiwa katika sehemu zote za ulimi zenye vionjio, ikiwemo ile ya tano, umami (ladha nono kama ya supu ya nyama), iliyotambuliwa na Mjapani Kikunae Ikeda mwaka 1908, ambayo kadi haikuitaja hata kidogo. Katika klabu tuliamua kuugeuza mchoro huo kuwa dai la kupimwa: kila mwanafunzi alichukua kijiti safi chenye pamba, akakichovya katika maji ya sukari, akajigusa ncha ya ulimi, pembeni na nyuma kidogo, akarudia kwa maji ya chumvi kwa kijiti kingine, na kuandika alichohisi. Karibu wote waliukataa mchoro kwa ushahidi wa ndimi zao wenyewe. Ni furaha ya pekee kumwona mtoto akigundua kwamba kilichochapishwa kinaweza kupingwa kwa jaribio, lakini furaha hiyo haimwondolei mchapishaji wajibu wa kusahihisha.

Suala la usalama linahitaji maneno zaidi kuliko kijitabu kilivyolipa. Katika maabara, kanuni ya kwanza ni kutokula wala kuonja chochote, ilhali sanduku hili lina kadi zinazomwalika mtoto aonje na nyingine ambazo kuonja ni hatari, na zote zina rangi na sura moja. Kadi ya kutambua wanga, kwa mfano, hutumia iodini inayougeuza mkate na viazi kuwa vya rangi ya buluu iliyokoza karibu na weusi, na kipande kilichokwisha kuwekewa iodini hakiliwi. Kadi inayofuata inamtaka mwanafunzi atafune mkate kwa muda mrefu mpaka ahisi utamu, ili aone jinsi kimeng'enya cha mate, amilesi, kinavyougeuza wanga kuwa sukari. Mkate ni uleule, na meza ni ileile! Nilipendelea kuzifanya kadi hizo mbili katika siku tofauti, na vyombo vya kuonjea niliviwekea alama yake. Vilevile, kadi ya yai linalolowekwa kwenye siki mpaka ganda lake liyeyuke inawaruhusu wanafunzi walishike yai bila kusema kwamba yai bichi linaweza kubeba bakteria wa Salmonella, kwa hiyo mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kulishika na yai lenyewe lisiliwe. Nawapongeza waandaaji kwa fomu ya wazazi ya kuorodhesha mzio wa maziwa, mayai, ngano na karanga. Fomu hiyo ijazwe na kurudishwa kabla ya sanduku kufunguliwa.

Kwa madarasa matatu ya juu ningelinunua tena bila kusita, kwa ajili ya hamira, nanasi na kabichi peke yake. Kwa madarasa ya chini lingefaa zaidi kama mwalimu atachagua kadi chache na kuwasomea maelekezo, maana maandishi ya kadi ni marefu kwa mtoto anayejifunza kusoma. Vifaa vya kupimia ni imara na vinaoshwa kwa urahisi, isipokuwa mirija ya kudondoshea, ambayo huziba haraka. Pakiti za hamira hupoteza nguvu zikikaa muda mrefu, kwa hiyo siku moja kabla ya somo, koroga kijiko kimoja kidogo katika maji ya uvuguvugu yenye sukari. Ikiwa povu halijatokea baada ya dakika 15, nunua hamira mpya.