Wafanyakazi kutoka ofisi ya msaada: nyota tatu, na sababu zake

Nasimamia zamu ya alfajiri katika kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali hapa Marekani. Kwa miezi 14 nimepokea watu 11 kutoka mpango mmoja unaowatoa watu kwenye msaada wa serikali na kuwaingiza kazini. Sita bado wapo. Kwa kazi ya joto na mvuke kama yetu, si haba. Tunaowapata kwa matangazo hawadumu hivyo.

Kundi la kwanza lakini lilinitoa jasho. Walikuwa wamefundishwa wiki tatu namna ya kuandika wasifu, kupeana mkono na kujieleza kwenye usaili. Mimi wasifu wa nini? Nataka mtu anayejua kwamba ukitoka upande wa mashuka machafu, huvuki kwenda upande safi kabla ya kuvua gauni la kujikinga na kunawa. Sindano ikitokea ndani ya shuka, huishiki kwa vidole hata kama umevaa glavu. Na nataka afike saa 11 alfajiri, wakati basi la kwanza linapita saa 11:40! Hilo la basi halikuwamo katika somo lolote.

Nilipiga simu kulalamika, nikitegemea kupewa pole tu. Ofisa wao akaomba kuja kushinda nasi. Alikuja zamu mbili, kofia ya nywele kichwani, akasukuma matoroli na kukunja taulo mpaka akashika kiuno. Kundi lililofuata lilikuwa na siku nne za mazoezi ndani ya kiwanda chetu, na gari dogo la kuwaleta. Mtu akishaajiriwa pia hakumwacha: kwa miezi sita simu yake ilipokelewa kuanzia saa 10 alfajiri. Mtoto akiamka na homa, mama alimpigia yeye, naye akanipigia mimi kabla mashine hazijawashwa, nikapanga mtu mwingine. Kwangu hilo lina thamani kuliko vyeti vyote walivyokuja navyo.

Si ugunduzi mpya, maana Project QUEST, mpango wa mafunzo ya kazi wa San Antonio, Texas, ulioanza 1992 baada ya kiwanda cha nguo cha Levi Strauss kufungwa, ulianzia kwa waajiri: kazi gani zipo, kisha ndiyo mafunzo. Mipango mingi haifanyi hivyo kwa sababu ofisi inahesabu vitu vingine. Tangu sheria ya msaada wa serikali ya 1996, anayepokea msaada anawekewa saa za kazi au za kujiandaa kwa kazi, kwa kawaida 30 kwa wiki, au 20 kwa mzazi pekee mwenye mtoto wa chini ya miaka sita. Darasa la wasifu linajaza saa hizo vizuri kabisa. Lakini halimfundishi mtu kusukuma matoroli yangu.

Nyota zilizopungua sasa. Tuliambiwa tutapata nafuu ya kodi, hadi dola 9,000 katika miaka miwili kwa mtu aliyekaa muda mrefu kwenye msaada. Fomu 8850, ya kuomba nafuu hiyo, ilitakiwa kufika ofisi ya jimbo ndani ya siku 28 tangu mtu aanze kazi. Watu wa mpango walisema wataishughulikia wao. Kwa watu wawili makaratasi yalitoka wiki ya sita, fedha zikapotea. Nasi tulikosea kutofuatilia, nakiri.

Halafu hakuna aliyetueleza habari ya nyongeza ya kipato. Nilimpa mama mmoja, Mkongo, saa za ziada, akakataa. Nikaanza kumwona mvivu. Akanivuta pembeni: “Dada, nikizichukua, kadi ya chakula inapungua na kodi ya nyumba inapanda. Nipigie hesabu wewe.” Tulikaa na kalamu mapumziko mazima. Alikuwa sahihi: kipato kikipanda, msaada wa chakula na wa nyumba hupungua. Hesabu hiyo angeifanya ofisa siku ya kwanza.

Nimeomba wengine wanne, kwa sharti kwamba ni ofisa yuleyule, na fomu ziwe mezani kwangu kabla mtu hajavaa gauni.