Uzoefu wangu wa kuchagua kitafuta samaki kwa boti ndogo, Dar es Salaam

Kwa miaka minne sasa ninavua kwa burudani katika Mlango wa Unguja, mara nyingi siku za Jumamosi, nikitumia boti ya faiba yenye urefu wa mita sita na mashine ya farasi 40. Tunatokea Kunduchi, nasi tuko watatu: mimi, binamu yangu, na mzee mmoja mvuvi wa siku nyingi ambaye ndiye nahodha wetu na ndiye anayeijua miamba. Katika muda huo nimenunua vitafuta samaki viwili, yaani vyombo vinavyotumia mlio kuonyesha kina na samaki kwenye kioo. Cha kwanza kilinishinda, cha pili ninacho hadi leo. Watu wanaokiona ufukweni huniuliza maswali yale yale mawili, yaani kioo kina inchi ngapi na chombo kinaona mita ngapi, na kwa maoni yangu hayo ndiyo maswali ya mwisho ambayo mnunuzi angepaswa kuuliza.

Chombo cha kwanza nilikinunua kwa sababu ya bei. Kilikuwa kile cha mkononi, chenye kioo kidogo na transdyusa, kile kidude kinachokaa chini ya maji, iliyofungwa kwenye boya, na kwenye boksi palichapishwa kwamba kinafika mita 100. Katika maji ya mita 12 kilifanya kazi vizuri kabisa, lakini tulipovuka mita 25 namba zilianza kurukaruka, mara 40, mara 8, na kioo kikajaa vinyago vya samaki, vile vipicha ambavyo chombo huchora kikidhani kimeona samaki, ambavyo, kila tulipotupa mshipi, havikula chambo chochote. Baada ya miezi miwili pini za waya zilishika kutu na chombo hakikuwaka tena. Chapa yake siitaji, kwa kuwa sehemu ya kosa ilikuwa yangu: nilisoma boksi bila kujiuliza namba ile ilipimwa katika maji gani.

Jambo hilo linastahili kuelezwa kwa kirefu, maana ndilo linalowapoteza wengi. Transdyusa hupiga mlio, mlio ukagonga chini au ukagonga samaki na kurudi, na chombo hupima muda uliopita kati ya kwenda na kurudi. Sauti husafiri katika maji ya bahari kwa kasi ya karibu mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo penye kina cha mita 30 safari nzima huchukua kama sehemu moja ya 25 ya sekunde. Ila maji ya chumvi hunyonya mlio kuliko maji baridi, na kadiri masafa ya mlio, yaani idadi ya mitetemo yake kwa sekunde, yanavyokuwa ya juu ndivyo mlio unavyochoka mapema. Kampuni nyingi hutangaza kwa herufi kubwa kina kinachofikiwa katika maji baridi, na mvuvi wa ziwani anaweza kukitegemea, lakini sisi wa baharini inatupasa tutafute mstari wa pili, ule ulioandikwa kwa herufi ndogo.

Nilipojipanga upya nilikuwa na njia tatu. Ya kwanza ni vile vipira vinavyorushwa kwa fimbo ya kuvulia na kutuma picha kwenye simu, kama vile vya Deeper vinavyotoka Lithuania. Kwa mtu anayevua akiwa amesimama kwenye ukingo wa bwawa au kwenye gati nadhani ni chaguo zuri, lakini mimi sikuona vipi ningeshika simu kwa mkono mmoja huku mawimbi yakirusha chumvi na mkono mwingine ukiwa na mshipi. Ya pili ni vyombo vikubwa vya inchi saba na zaidi, vyenye ramani ya bahari na uwezo wa kuonyesha pembeni mwa boti. Ni vizuri, lakini bei yake ilikaribia nusu ya bei ya mashine yangu, na mwamba nilikuwa nao tayari kichwani mwa mzee. Ikabaki njia ya tatu, chombo kidogo cha kufunga kwenye boti, na hapo nikachagua Garmin Striker 4, ambacho shemeji yangu anayefanya kazi Dubai alinibebea alipokuja likizo.

Kioo chake ni cha inchi 3.5 tu, nacho kimesimama wima kama simu. Kina GPS ya kuwekea alama, lakini hakina ramani ya bahari wala hakikubali kuwekewa, na hili mnunuzi alijue kabla hajatoa pesa. Katika maji baridi kinatajwa kufika kama mita 490, na katika maji ya chumvi kama mita 230. Tofauti hiyo ndiyo niliyokuwa nikiizungumzia. Kwangu mita 230 zinatosha na kubaki, kwa kuwa sehemu kubwa ya Mlango wa Unguja haifiki hata mita 60, na sisi huvua kati ya mita 15 na 40.

Kilichonifanya nikichague ni transdyusa yake ya masafa mawili, kilohezi 77 na kilohezi 200. Mlio wa 200 hushuka kwa pembe nyembamba ya nyuzi 15, na ule wa 77 hutawanyika kwa nyuzi 45. Penye maji ya mita 20 maana yake ni kwamba wa kwanza unaangaza duara la kama mita tano kwa upana, na wa pili kama mita 16 na nusu. Nikitafuta samaki natumia wa 77 ili niangaze eneo kubwa, kisha nikiupata mwamba nahamia 200, kwa sababu hapo nataka kujua kilicho chini yangu hasa, wala si kilicho upande wa pili wa boti. Nilifanya safari kadhaa kabla sijaielewa tofauti hii, na samaki wengi niliodhani wako chini ya miguu yangu kumbe walikuwa mita saba pembeni.

Kukifunga nako kulinipa taabu. Mara ya kwanza fundi aliiweka transdyusa karibu sana na rafadha, na kila tulipozidisha mwendo mapovu yalipita chini yake na kina kikapotea kwenye kioo. Tukaihamishia upande wa kulia, ambako mabawa ya rafadha hushuka badala ya kupanda, kama sentimita 40 kutoka kwenye mashine, uso wake ukiwa sawa na sakafu ya boti. Tangu hapo kina kinasomeka hata tukiwa mbioni. Umeme unatoka kwenye betri ndogo ya volti 12, ya aina inayokaa ndani ya UPS za ofisini, iliyo peke yake ndani ya ndoo yenye mfuniko, na inamaliza siku nzima bila kulalamika. Fyuzi usiiache dukani.

Mzee hakukipenda chombo mwanzoni. Yeye hupata mwamba kwa kulinganisha mnara wa msikiti na mnazi fulani wa nyuma yake, kisha hushusha mshipi wenye chubwi na kuhesabu pima kwa mikono. Siku ya kwanza aliniambia, "Zima kwanza, mwanangu, nikupimie." Akashusha mshipi, akauvuta huku akinyoosha mikono, midomo ikihesabu bila sauti, akasema pima 12, chini ni mwamba. Pima ni kama mita 1.8, kwa hiyo alikuwa anasema karibu mita 22. Nikawasha: mita 21.7. Hakusema kitu, ila aliomba aonyeshwe tena.

Na alipouliza chombo kimejuaje kwamba chini ni mwamba, nilimwonyesha mstari wa chini ulivyokuwa mnene na mkali, na chini yake mstari mwingine hafifu katika kina cha mara mbili, ambao ni mwangwi uliopanda hadi juu ya maji, ukashuka tena na kurudi. Penye tope mstari huo wa pili haupo, na wa kwanza huwa mwembamba kama uzi uliolowa. Kwake yeye chubwi likigonga mwamba hulia mkononi, na likitua kwenye tope hunata. Tulikuwa tunasema jambo moja.

Kuna mambo mawili ya kusoma kioo ambayo kitabu cha maelekezo hakikunitosheleza. La kwanza ni kwamba upande wa kulia tu ndio wa sasa, na kila kilichoko kushoto kimeshapita. Samaki anayeonekana kama upinde ni yule aliyeingia pembeni mwa mlio, akafika katikati na kutoka, ama kwa sababu boti ilisogea au yeye mwenyewe. Siku moja tulitia nanga na kioo kikachora mstari mrefu usiokatika kwenye mita 17. Binamu yangu akashangilia akidhani ni kundi. Tulimvua changu mmoja, na mstari ukakatika.

La pili ni nguru. Kinachorudisha mlio kwa nguvu katika mwili wa samaki ni kibofu chake cha hewa, na nguru hana kibofu hicho. Kipindi cha maleleji, bahari ikiwa shwari, tulikuwa tunarambaza, yaani tunavuta chambo nyuma ya boti inayokwenda, juu ya wingu la dagaa lililoonekana wazi kwenye mita 10, pasipo upinde hata mmoja kulizunguka, na ndani ya saa moja tukavua nguru wawili. Tangu siku hiyo, nikiona dagaa wamejikusanya na kubanana, navuta mshipi hata kama kioo hakionyeshi chochote kingine. Vinyago vya samaki, ambavyo chombo hiki nacho kinavyo, nimevizima.

Msomaji wa Dar es Salaam akumbuke pia kwamba kina kinachoonekana ni cha saa ile. Wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa kwetu huzidi mita tatu, hivyo mwamba ule ule niliouandika mita 18 asubuhi ulinisomea mita 15 mchana, nami nikazunguka nusu saa nikidhani nimeukosa. Sasa kwenye daftari naandika kina pamoja na saa, na alama za GPS ndizo ninazozifuata. Kwa kuwa chombo hakina ramani, mipaka ya hifadhi za bahari za Mbudya na Bongoyo naiangalia kwenye simu kabla ya kuondoka.

Msimu wa kusi chombo hiki hunisaidia kidogo, kwa sababu boti ikipanda na kushuka, chini huchorwa kama meno ya msumeno na samaki hupotea humo ndani. Kioo hicho kidogo nacho humlazimu mzee kuinama na kukunja macho, na kama ningekuwa na pesa zaidi ningepanda hadi inchi tano kwa ajili yake, nikibaki na transdyusa ile ile.

Kwa wale wanaokwenda Fungu Kizimkazi, kile kisiwa kidogo kilicho mbali baharini, kutafuta jodari na sulisuli, ambako maji hushuka ghafla kupita mita 200, chombo hiki kisiwadanganye: watafute chenye transdyusa ya kilohezi 50 na wati nyingi zaidi ya 200 za hiki changu. Sisi huko hatuendi. Mashine ya farasi 40 na madumu mawili ya petroli hayaturuhusu.