Chatsworth, nyumba ya akina Duke wa Devonshire: itengee siku nzima

Kwa Mkenya aliyesoma historia shuleni, jina Devonshire si geni. Ndilo jina la Waraka wa 1923, uliotamka kwamba Kenya ni nchi ya Waafrika na kwamba maslahi yao yatangulizwe, ukawanyima walowezi serikali yao wenyewe, lakini ukawaachia Nyanda za Juu walizokwisha kuzihodhi. Waziri wa Makoloni aliyeutoa alikuwa Victor Cavendish, Duke wa 9 wa Devonshire. Nilikwenda Chatsworth, Uingereza, kuona cheo hicho kilikotoka, nami nimerudi nimeridhika.

Ajabu ya kwanza ni kwamba nyumba haiko Devon, jimbo liitwalo pia Devonshire, bali Derbyshire, mbali kabisa. Bess wa Hardwick na mumewe, Sir William Cavendish, walinunua ardhi hii mwaka 1549, na mwana wao William akapewa cheo cha Earl, cha chini kuliko Duke, mwaka 1618. Kitukuu cha huyo William alikuwa miongoni mwa wakubwa saba waliomwalika William wa Orange, mtawala wa Uholanzi, mwaka 1688 aje kumkabili Mfalme James wa Pili. William wa Orange akawa mfalme, na mwaka 1694 kitukuu huyo akapandishwa kuwa Duke. Ukiingia ukumbi mkuu, inua macho: Louis Laguerre amechora kutani na darini maisha ya Julius Caesar, na sifa zile zilimlenga mfalme mpya. Sijaona kwingine siasa ya kupata cheo ikiwa wazi namna hii.

Usipite haraka chumba cha muziki. Mlango umeachwa wazi, na nyuma yake, kwenye mlango wa pili, fidla imetundikwa. Nilikazia macho nyuzi zake na kivuli chake, nikaamini ni chombo cha kupigwa. Kumbe ni rangi tupu juu ya ubao.

Kilichonigusa zaidi ni habari ya mirathi. Mrithi wa Duke wa 10, William Cavendish, mume wa Kathleen, dada yake John F. Kennedy, aliuawa vitani Ubelgiji mwaka 1944, na nafasi yake ikamwangukia mdogo wake Andrew. Baba yao alipofariki mwaka 1950, kodi ya mirathi ilidaiwa kwa asilimia 80, hata jumba la Hardwick, alilolijenga Bess mwenyewe, likatolewa kulipia deni. Tangu 1981 Chatsworth inatunzwa na wakfu, na ndiyo maana sikuona uchungu kulipa kiingilio.

Maliza kwa bustani, na uvae viatu vya kutembelea. Hapa ndipo Joseph Paxton, mtunza bustani wa Duke wa 6, alipokuza ndani ya nyumba ya vioo ndizi iliyopewa jina la ukoo huo, Cavendish, ambayo leo ndiyo imejaa madukani Ulaya na inalimwa hadi kwetu.