Nausicaä wa Bonde la Upepo: Uzoefu Wangu na Filamu, Kisha na Manga Yake

Kwa miaka mingi niliamini kwamba naijua hadithi ya Nausicaä, kwa sababu filamu yake ya katuni ya Kijapani nilikwisha kuitazama mara nyingi, kiasi cha kukariri pale muziki wa Joe Hisaishi unaponyamaza na pale unaporudi. Mwaka jana nilinunua manga yenyewe, yaani hadithi ya picha ya Kijapani, toleo la Kiingereza la Viz Media la mwaka 2012, ambalo ni vitabu viwili vikubwa vya jalada gumu ndani ya kasha moja. Nilipofunga kitabu cha pili nilitambua kuwa miaka yote hiyo nilikuwa nimekaa barazani tu, ndani ya nyumba sijaingia. Nitataja mwisho wa filamu na mwisho wa manga, kwa kuwa tofauti ya miisho hiyo miwili ndiyo iliyonifanya niandike. Asiyetaka kujua mapema na asimame hapa.

Hayao Miyazaki alianza kuichora manga hii katika jarida la Animage mwezi Februari 1982, baada ya mapendekezo yake ya filamu kukataliwa kwa hoja kwamba hayakutokana na manga iliyokwisha kuchapishwa. Filamu ilitoka tarehe 11 Machi 1984, wakati hadithi ilikuwa bado changa, na kwa hiyo imebeba takriban yale yaliyomo katika juzuu mbili za mwanzo kati ya saba. Manga yenyewe haikukamilika hadi Machi 1994, kwa sababu mwandishi aliiweka kando mara kwa mara ili atengeneze filamu nyingine. Mara nyingi tunapolalamika kwamba filamu imeiharibu manga, tunamlaumu mwongozaji ambaye hakuwa mwandishi. Hapa mwandishi na mwongozaji ni mtu mmoja, na bado kazi zake mbili hazisemi jambo moja.

Filamu naipenda, na sitaki mtu adhani kwamba naishusha. Miaka 1,000 baada ya vita viitwavyo Siku Saba za Moto, msitu wa kuvu unaotoa mvuke wa sumu unaendelea kuimeza ardhi, na watu wachache wa Bonde la Upepo wanasalimika kwa sababu upepo wa baharini huusukuma mvuke huo mbali nao. Binti wa mtawala wao, Nausicaä, hupaa juu ya chombo cheupe chepesi kama mbawa peke yake, na anawaelewa wadudu wakubwa waitwao Ohmu ambao wengine wote wanawaogopa. Kazi hii ilifanywa katika studio ya Topcraft, kabla Studio Ghibli, studio ya katuni ya Miyazaki na wenzake, haijaanzishwa mwaka 1985, ingawa wengi huihesabu kuwa ya Ghibli, na Isao Takahata ndiye aliyekuwa mtayarishaji. Lile jitu la vita, silaha hai iliyosalia tangu Siku Saba za Moto, linaloyeyuka huku likitema moto lilichorwa na Hideaki Anno, kijana wakati huo, na kila ninapolitazama nauhisi uzito wa nyama yake inayodondoka. Ninapendekeza sauti za Kijapani, maana Sumi Shimamoto anampa Nausicaä upole usio na udhaifu. Hata hivyo sauti za Kiingereza za mwaka 2005, ambamo Patrick Stewart anamsemea Yupa, mpiga upanga aliye mwalimu wa Nausicaä, zimefanywa kwa heshima. Toleo la kuepukwa ni lile lililokatwa nchini Marekani katika miaka ya 1980, ambalo lilipunguzwa zaidi ya dakika 20 na kumwacha mtazamaji na vita visivyo na maana.

Katika filamu Nausicaä anashuka chini ya msitu na kugundua kwamba hewa na maji ya huko ni safi: miti inafyonza sumu ya ardhi, inakauka na kugeuka mchanga mweupe. Miyazaki ameeleza kwamba wazo hili lilitokana kwa sehemu na ghuba ya Minamata, iliyochafuliwa kwa zebaki hata watu wakaacha kuvua, na samaki wakarudi kwa wingi. Filamu inaishia karibu na tumaini hilo. Nausicaä anasimama mbele ya kundi la Ohmu waliokasirika, anakufa, na wanamfufua kwa minyiri yao ya dhahabu, na unabii wa kale juu ya mwokozi unatimia. Nililia mara ya kwanza, na bado koo hunikaba. Miyazaki mwenyewe amewahi kusema kuwa hakuridhika na jinsi mwisho huo ulivyoelekea kwenye dini, na kabla ya kusoma manga sikumwelewa.

Sasa namwelewa. Katika manga hakuna mwovu wa kumtupia lawama zote. Bonde linaingia vitani kwa sababu ya mapatano ya zamani na ufalme wa Torumekia, na Kushana, ambaye katika filamu ni mvamizi mwenye mkono wa chuma, hapa ni kamanda anayesalitiwa na baba yake na kaka zake, huku akiwapenda askari wake kwa namna iliyonifanya nimhesabu kuwa mhusika wa pili kwa ukubwa katika hadithi nzima. Upande wa pili wako Wadorok, ambao filamu haiwataji kabisa. Ni watu wenye dini yao, wakulima wao na watoto wao, na watawala wao wanatengeneza kuvu la kivita ambalo mwishowe linawashinda wao wenyewe. Nausicaä anapita katikati ya haya yote, na mikono yake haibaki safi.

Kisha linakuja jambo lililonikosesha usingizi. Ule usafi wa chini ya msitu, ambao filamu iliutoa kama faraja, katika juzuu za mwisho unageuka kuwa hukumu. Msitu haukuota wenyewe; watu wa kale waliuunda ili uisafishe dunia, na binadamu wa sasa nao walibadilishwa miili ili waweze kuishi pamoja na sumu kidogo. Dunia ikitakasika kabisa, Nausicaä na watu wake watatema damu na kufa, na mahali pao patachukuliwa na watu wapya, wapole, ambao mayai yao yamehifadhiwa katika kaburi la Shuwa. Nausicaä anaamuru jitu la vita, ambalo humu lina jina, linazungumza na kumwita mama, libomoe kaburi hilo. Nilisoma kurasa hizo mara tatu mfululizo, nikitafuta kama mwandishi ananiambia kwamba Nausicaä amefanya haki. Haniambii. Naamini alifanya haki, kwa sababu watu wanaoishi na kuumia hawawezi kuhesabiwa kuwa daraja la wengine kuvukia, lakini nalisema hilo nikijua wasomaji wenye akili timamu watakaonipinga.

Kuhusu vitabu vyenyewe, kitabu cha kwanza kina juzuu nne na cha pili kina tatu. Ukubwa wa kurasa ni neema, maana Miyazaki hujaza visanduku vidogo vidogo, na katika mapigano ya angani nililazimika kurudi nyuma kutazama nani anamfukuza nani. Wino ni wa rangi ya kahawia kama wa Kijapani, na macho hayachoki upesi. Kurasa zinasomwa kutoka kulia kwenda kushoto, jambo ambalo halitamsumbua yeyote aliyepitia chuo cha Kurani. Vitabu ni vizito, havisomeki kitandani, na kasha langu lilifika likiwa limepondeka pembe moja, hivyo mnunuzi na adai kifungashio imara. Bei si ndogo; kwangu mimi ilistahili kila senti.

Natamani siku moja juzuu zote saba zitengenezwe kuwa anime, yaani katuni ya Kijapani, ndefu. Mpaka sasa ni jukwaa la kabuki, maigizo ya jadi ya Kijapani, Tokyo, Desemba 2019, ndilo lililothubutu kuibeba hadithi nzima, kwa maonyesho mawili katika siku moja.

Mtu akiniuliza aanze na kipi, namwambia filamu, na asubiri wiki kadhaa kabla ya kufungua kasha, ili tumaini lile likae moyoni kwanza. Ndivyo nilivyofanya kwa mpwa wangu mwenye miaka kumi na sita. Kitabu cha pili kiko kwake sasa. Juzi alinipigia simu akaniambia amefika Shuwa, na akaniomba nisimwambie lolote.