Shahada ya Kwanza ya Usanifu Majengo: Tathmini ya Aliyeimaliza

Nimemaliza miaka mitano ya shahada ya kwanza ya usanifu majengo, na kabla kumbukumbu hazijapoa nataka kuitathmini kama mtu anavyotathmini huduma yoyote aliyoilipia kwa fedha, muda na afya yake. Chuo nilichosoma sitakitaja, kwa sababu mengi nitakayoyasema, mazuri na mabaya, nimeyasikia pia kwa wenzangu waliosoma kwingine, nami naamini yanatokana zaidi na namna fani hii inavyofundishwa. Hukumu yangu naitoa mapema. Haya ni masomo bora kwa mtu anayetaka kujifunza kufikiri kwa mikono yake, lakini karibu thamani yake yote imo katika jambo moja, nalo ni muda ambao mwalimu anakaa mezani pako, mbele ya mchoro wako. Chuo kikikupa muda huo, kasoro nyingine zinavumilika; kisipokupa, hakuna maktaba wala kompyuta itakayoliziba pengo hilo.

Moyo wa masomo haya ni studio, neno ambalo kwetu lilimaanisha chumba na pia somo lenyewe. Kila muhula mwanafunzi hupewa jengo la kubuni: mwanzoni kibanda cha kusubiria basi, kisha nyumba ya familia moja, kisha maktaba ndogo, na kufikia mwaka wa mwisho soko zima au hospitali. Utaratibu huu una asili ya zamani. Katika shule ya sanaa ya École des Beaux-Arts ya Paris wanafunzi walijifunza kubuni ndani ya karakana za wasanifu wenye uzoefu, na shule ya Bauhaus, iliyoanzishwa na Walter Gropius mwaka 1919 huko Weimar, Ujerumani, iliwapitisha wanafunzi wake kwanza katika kozi ya awali ya kushika mbao, chuma, karatasi na rangi kabla hawajaruhusiwa kuchagua fani. Mwaka wetu wa kwanza ulikuwa hivyo hivyo: tulikunja kadibodi, tukachonga, tukachora viganja vyetu, na wengi tulilalamika kwamba hatukuja chuoni kucheza na karatasi. Leo nauona ule kuwa mwaka uliofundishwa vizuri kuliko yote.

Nieleze tukio moja, maana bila hilo msomaji hataelewa kwa nini nautukuza muda wa mezani. Katika muhula wa pili tulipewa kubuni nyumba ya ghorofa moja, nami nikaichora ngazi ya kwenda juu katika nafasi yenye urefu wa mita 3, kwa kuwa ndiyo iliyobaki baada ya kupanga vyumba. Mwalimu alivuta kiti, akatandaza karatasi nyembamba inayopitisha mwanga juu ya ramani yangu, akauliza kutoka sakafu ya chini hadi ya juu ni kimo gani. Nikamjibu mita 3.06. Akauliza vipandio ni vingapi, na hapo nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimechora mistari tu bila kuihesabu. Akaandika kwa penseli laini pembeni mwa karatasi: vipandio 18 vya sentimita 17 kila kimoja, kwa hiyo sehemu za kukanyagia 17, kwani ya mwisho ni sakafu yenyewe. Akaigawa mita 3 kwa 17, ikatoka chini kidogo ya sentimita 18. Kisha akanipa tepu, akanituma nikaipime ngazi niliyokuwa nikiipanda kila siku kuja studio, na nikimaliza nipime pia kiatu changu.

Kila kipandio cha ngazi ile kilikuwa na kimo cha sentimita 17, na sehemu yake ya kukanyagia ilikuwa na kina cha sentimita 29. Kiatu changu kilikuwa na sentimita 28. Niliporudi ndipo akanieleza kanuni inayotokana na Mfaransa François Blondel wa karne ya 17, kwamba kimo cha kipandio ukikizidisha kwa mbili na kujumlisha kina chake, sharti upate takriban hatua moja ya mtu anayetembea, ambayo kwa vipimo vya leo ni kati ya sentimita 60 na 65. Mara mbili ya 17 ni 34, ukiongeza 29 unapata 63. Ngazi ya kweli ilihitaji karibu mita 5, na mita mbili zilizoongezeka zilipoingia katika ramani zililisukuma jiko, jiko likausukuma mlango wa nyuma, na usiku ule nikaianza nyumba upya. Dakika zile hazikufika 30, lakini tangu siku hiyo sijawahi kuchora ngazi bila kuusikia mguu wa mtu juu yake. Kitabu kingenipa kanuni ileile kwa sentensi moja, nami ningeisahau kabla ya mtihani.

Sasa hesabu ya muda. Mwaka wa kwanza tulikuwa wanafunzi 12 kwa mwalimu mmoja, na studio ilifanyika alasiri mbili kwa wiki, saa nne kila moja, yaani dakika 40 kwa kila mwanafunzi kila wiki. Mwaka wa tatu tukawa 26 kwa mwalimu mmoja katika saa zilezile, na dakika 40 zikashuka hadi 18. Ada haikushuka. Katika dakika 18 mwalimu anaweza kusema kama mchoro ni mzuri au mbaya, lakini hawezi kukaa nawe mpaka ugundue mwenyewe ulipokosea, na tofauti ya mambo hayo mawili ndiyo tofauti ya kufundishwa na kusahihishwa. Hili ndilo lalamiko langu kubwa.

Kazi ya muhula huishia mbele ya jopo. Mwanafunzi hubandika michoro yake ukutani, huweka modeli, yaani mfano mdogo wa jengo, mezani, halafu husimama na kuitetea mbele ya walimu na wasanifu walioalikwa. Jopo likiwa zuri, hakuna mafunzo yanayolishinda, kwa sababu unalazimika kueleza kwa maneno ya kawaida kwa nini mlango uko pale na si hapa, na unagundua ndani ya dakika chache ni uamuzi upi ulikuwa na sababu na upi ulikuwa mazoea. Ila nimeona pia jopo baya. Mgeni mmoja, ambaye alichelewa na hakuwa amesoma hata maelezo ya kazi tuliyopewa, aling'oa paa la modeli ya mwenzangu ili aone ndani, akaliweka sakafuni, akatumia muda wote uliobaki kuzungumzia rangi ya karatasi. Mwenzangu alikuwa amelijenga paa lile kwa vijiti kwa siku tatu. Hakuna aliyemwomba radhi. Ukali una nafasi yake katika fani ambayo makosa yake huua watu, lakini ukali huo ulipaswa kuelekezwa kwenye boriti isiyo na nguzo, kwenye chumba kisicho na dirisha, kwenye mlango ambao kiti cha magurudumu hakipiti.

Na kuna suala la usingizi. Inasimuliwa kwamba katika Paris ya karne ya 19 mkokoteni ulipita kukusanya michoro ya wanafunzi muda ulipokwisha, na wengine waliendelea kuchora hadi mchoro unapakiwa. Jina la mkokoteni huo, charrette, hadi leo hutumiwa na wasanifu kwa kazi ya mwisho ya haraka. Tulisimuliwa hayo kama jambo la kujivunia. Mimi silioni hivyo. Katika mwaka wa nne, saa kumi alfajiri, nikikata kadibodi baada ya usiku wa pili bila kulala, kisu kiliteleza kwenye rula ya chuma na kunikata kidole cha shahada hadi mfupa. Kovu lipo. Walimu walijua kwamba studio inawaka taa usiku kucha, na baadhi yao walilichukulia hilo kama ushahidi wa bidii. Shule inayojali ingeweka tarehe ya mwisho ya kuchora siku mbili kabla ya jopo na kuisimamia.

Kasoro nyingine ni umbali kati ya mchoro na ujenzi. Vitruvius, msanifu wa Kirumi wa karne ya kwanza kabla ya Kristo, alitaka jengo liwe na uimara, manufaa na uzuri. Sisi, kwa alama tulizopewa, uzuri ulikuwa na uzito kuliko hayo mengine mawili yakijumlishwa. Tulifundishwa kwamba zege huhimili mgandamizo vizuri lakini ni dhaifu likivutwa, kwamba kwa sababu hiyo nondo kuu za boriti ya kawaida iliyoegemea ncha zote mbili huwekwa upande wa chini, na siku moja maabara tulipasua boriti ndogo tukauona ufa ukianzia chini kama tulivyoambiwa. Siku ile ilikuwa nzuri mno. Lakini ilikuwa moja. Katika miaka mitano nilijenga ukuta wa matofali asubuhi moja tu, na sikuwahi kuombwa nieleze jengo nililobuni lingegharimu kiasi gani, wala fundi angeanzia wapi.

Kwamba inawezekana kufanya vinginevyo, mfano upo. Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji cha Gando nchini Burkina Faso, alikuwa bado mwanafunzi wa usanifu Berlin alipochangisha fedha na kujenga shule ya msingi kijijini kwao. Ilikamilika mwaka 2001, ilhali yeye alihitimu mwaka 2004. Kuta ni za matofali ya udongo uliochanganywa na saruji, na paa la bati limeinuliwa juu ya dari ili hewa ya moto ipite na kutoka, nao wanakijiji walishiriki kuijenga. Mwaka 2022 alipewa tuzo ya Pritzker, ya wasanifu majengo, Mwafrika wa kwanza kuipata. Naye Maya Lin alikuwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mwenye umri wa miaka 21, pale ubunifu wake, ulioanzia darasani, uliposhinda mashindano ya mnara wa kumbukumbu ya wanajeshi wa vita vya Vietnam huko Washington mwaka 1981. Nawataja hawa kwa sababu wanaonyesha kwamba kazi ya mwanafunzi inaweza kusimama ardhini, na shule ingefaa kuipanga mitaala yake kana kwamba inalijua hilo.

Kuhusu kompyuta sina mengi: programu za kuchorea tulijifunza wenyewe kwa kiasi kikubwa, na ilitosha. Gharama za kadibodi, gundi na uchapishaji wa karatasi kubwa hazimo katika ada na hazitajwi siku ya usajili, kwa hiyo mwenye kujiandaa azitengee fungu tangu mwanzo. Pia afahamu kwamba shahada hii peke yake kwa kawaida haimpi mtu haki ya kujiita msanifu. Mkataba wa UNESCO na chama cha kimataifa cha wasanifu, UIA, unataka masomo yasiyopungua miaka mitano ya muda wote pamoja na mafunzo kazini, na nchini Uingereza shahada ya kwanza ya miaka mitatu ni sehemu ya kwanza tu kati ya tatu.

Je, ningeisoma tena? Ndiyo, ila ningechagua chuo kwa njia nyingine. Mimi nilikwenda siku ya maonyesho, modeli zimesafishwa na michoro imewekewa fremu. Anayetaka kuchagua aende katikati ya muhula, siku ya kawaida, saa nane mchana, aulize mwalimu mmoja ana wanafunzi wangapi, kisha apite kati ya meza akiangalia zile karatasi nyembamba zilizotandazwa juu ya ramani, na aone kama zina alama za penseli za mikono ya watu wawili.